Kasa Hana Simu

Kitambaa cha ile sinema nilikishona mimi mwenyewe, kwa hiyo mtu asiniambie kwamba niliwachukia wageni wale tangu mwanzo. Alikuja binti mmoja kutoka Dar es Salaam, kitambulisho kinaning'inia shingoni, akanikuta kibarazani kwangu nimeinamia cherehani. Aliniamkia vizuri. Akaeleza kwamba Jumamosi, baada ya alasiri, kutakuwa na filamu ya familia katika shule ya msingi ya mtaani kwetu, watoto na wazazi wao pamoja, ili watoto wasaidiwe kusema yaliyomo moyoni. Kitambaa chao cha kuonyeshea kilikuwa kimechanika njiani. Alitaka nimshonee kingine, cheupe, kikubwa, chenye pindo na vitanzi vya kamba, na kisiwe cha gharama.

Kwetu Bagamoyo kitambaa cheupe kisicho cha gharama ni bafta. Nikaenda dukani kwa mzee mmoja wa Kihindi ambaye ametuuzia nguo tangu sijazaliwa, nikamwamkia, nikamwambia nataka bafta, na nataka nyingi. Mzee akavua miwani.

"Inna lillahi," akasema. "Nani tena, binti?"

"Hajafa mtu, mzee. Ni ya sinema."

"Sinema ya bafta?"

"Ya watoto."

Akanitazama kama ninayemfanyia mzaha. Akapima, akaichana kwa mikono kama anavyoichana siku zote, akaikunja, akanikabidhi. "Mungu awape subira," akasema. Mazoea yalimponyoka. Nilicheka mpaka barabarani, kisha kicheko kikanikauka, kwa sababu mara ya mwisho kupokea bafta kutoka mikononi mwake ilikuwa ya sanda ya dada yangu.

Dada yangu alikufa kwa uzazi, yeye na kichanga chake. Presha ilimpanda, na gari lilipopatikana ilikuwa imeshakuwa habari nyingine. Alimwacha binti wa miaka sita, mwenye meno mawili ya mbele yaliyong'oka, ambaye aliniita mama mdogo kwa namna ya kunidai kitu kila mara.

Asubuhi ya mazishi, maji ya kuoshea maiti hayajachotwa, mtoto yule alipandishwa pikipiki na jirani akapelekwa Fukayosi, shambani kwa ndugu za bibi yake mzaa baba. Aliambiwa anakwenda kula mahindi ya kuchoma. Aliondoka akinipungia mkono. Aliporudishwa arobaini ilikuwa imepita, hitima imesomwa, nguo za mama yake zimegawiwa. Akauliza mama yuko wapi, na bibi yake akamjibu kwamba amesafiri.

Ndivyo tunavyofanya huku kwetu. Mtoto haambiwi. Huambiwa amesafiri, basi, akakua na safari ile mpaka siku moja akajikuta anajua, na hakuna anayekumbuka alijua lini. Bibi mwenyewe alilelewa hivyo. Baba yake alisafiri yeye akiwa mdogo, na mpaka leo anasimulia kwa fahari kwamba hakulia hata siku moja. Mimi nilisema mtoto aambiwe. Nilisema mbele ya watu na nilisema kwa sauti, maana sauti Mungu hakuninyima. Shemeji yangu, baba wa mtoto, akatazama vidole vyake vya miguu. Yule ni mtu wa kufyatua matofali Mapinga, kwenye viwanja vya watu wa Dar, na mbele ya mama yake huwa tofali lenyewe.

"Mwanangu," bibi akaniambia, "wewe ni wa kuukeni. Mtoto ni wa kwetu. Akilia usiku utakuja kumbembeleza wewe?"

"Nitakuja, mama."

"Basi subiri uitwe."

Sikuitwa. Mtoto hakulia usiku. Alifanya kitu ambacho bibi na safari zake hakukitarajia, akauliza: amesafiri wapi? Zamani nadhani watoto hawakuuliza. Huyu aliuliza asubuhi, akauliza jioni, akauliza mbele ya wageni. Bibi akabanwa, na kwa kuwa mabinti wawili wa nyumba ya jirani walikuwa Maskati wakifanya kazi za ndani, akasema mama yako naye yuko Maskati, anatafuta. Uongo ule ulikaa mahali pake kama kifuniko kwenye sufuria yake. Mtaa mzima ukaufahamu na kuulinda. Hata watoto wakubwa walionywa.

Ila watu wa Maskati hupiga simu. Hilo bibi hakulipima. Kila Ijumaa mabinti wale wa jirani walipiga simu ya video, watoto wa mtaa wakarundikana kuangalia jiko la Mwarabu na friji yake, na mpwa wangu alikuwa mbele kabisa, akiwauliza kama wamemwona mama yake. Wanajibu nini? Wakajibu Maskati ni kubwa. Baba yake bibi aliposafiri, msafiri alikuwa mtu wa kunyamaza na hakuna aliyemlaumu. Barua ikifika ilikuwa bahati. Siku hizi msafiri asiyepiga simu ni mtu mbaya. Ndivyo walivyomfanya dada yangu, ambaye alikata roho akiliita jina la mtoto wake. Nilikuwepo, nilimsikia.

Na namba ya mama yake, mtoto aliijua kwa moyo. Dada alimkaririsha akimwogesha, tarakimu kwa tarakimu, kwa kuogopa kumpoteza sokoni. Ukipotea, alikuwa akimwambia, mwambie mtu mzima yeyote akupigie hii, mimi nitakuja. Mtoto akimwomba bibi ampigie mama, anaambiwa simu za nje ghali, mama yuko kazini, mama amelala, kule sasa hivi ni usiku.

Ilipokaribia Idi bibi alikuja kwangu na kitambaa chenye vimetameta, akataka nishone gauni lisilofanana na kazi ya hapa, litoke kama la Uarabuni, ili aseme mama ametuma. Nikamwambia mama, mimi maiti simshonei zawadi. Alisonya, akaenda kununua la dukani. Siku ya Idi mtoto alikataa kulivaa. Alikaa na sare ya shule sikukuu nzima, akala pilau akiwa na sare ya shule. Bibi akasema ana kiburi kama mama yake, na huo ndio ulikuwa mwanzo wa dada yangu kusemwa vibaya hata na wanaojua alipo.

Baadaye akaanza kuwapiga wenzake. Alimng'ata mtoto mmoja sikio kwa sababu alisema mama yake anakuja kumchukua. Kisha akaacha kupiga, akaacha na kusema. Shuleni anakaa, anaandika, anarudi. Ukimuuliza kitu anakutazama kama uliyemkatiza mazungumzo na mtu mwingine. Mwalimu wake ndiye aliyemfuata bibi nyumbani kumwomba aje naye kwenye filamu, akasema ni mambo ya hisia za watoto. Bibi akauliza kama ni mambo ya vichaa. Mwalimu akasema hapana, mama, ni katuni tu, na kuna juisi. Kwa juisi bibi akakubali. Mwalimu akanidokeza na mimi, nami nikajipa moyo kwamba huenda hawa watu wa Dar, wenye elimu yao, wataweza kumfungua mtoto, au hata kumfungua bibi. Nilishona vile vitanzi kwa moyo mmoja.

Walitumia darasa kubwa. Akina mama walitoa kanga zao kuziba madirisha, mwanga ukapenya kwa rangi rangi, na joto lilikuwa la kuokea mkate. Bafta yangu ilitundikwa juu ya ubao. Pale nilipounganisha vipande viwili mshono ulionekana, mstari mwembamba wa kushuka katikati. Sikuweza kuacha kuuangalia. Bibi aliketi mbele kwenye mkeka, mjukuu wake pembeni, amevaa, kwa amri, lile gauni la Maskati. Mimi nilisimama nyuma karibu na mlango pamoja na wanawake wa mtaa, na niliwajua wote. Huyu alichota maji ya kumwosha dada. Yule alisonga ugali wa matanga. Karibu wote walikula pilau ya hitima yake. Darasani mle waliokuwa hawajui ni mtoto na wale wageni.

Filamu ilikuwa ya kasa mdogo aliyeanguliwa mchangani akakuta mama hayupo. Anatambaa mpaka majini, anamuuliza kaa, mama yangu yuko wapi? Kaa anasema yuko mbele kidogo. Anamuuliza pweza, naye anasema yuko mbele kidogo. Watoto walitulia tuli, maana ilikuwa imetengenezwa vizuri, sitaki kusema uongo. Kila kasa alipokatiza katikati mshono wangu ulimpita mgongoni. Mwishoni kasa mkubwa mwenye sauti nzito akamwambia mdogo: mama yako alipanda ufukweni, akachimba shimo kwa mikono yake, akakufunika usionekane na ndege, akarudi baharini. Yuko mbali, lakini anakupenda. Muziki ukapanda. Wanawake wakapangusa macho kwa ncha za mitandio.

"Umesikia?" bibi akamwambia mjukuu wake, kwa sauti ya darasa zima, amefurahi kama aliyeandika ile filamu yeye. "Yuko mbali, lakini anakupenda."

Nilishika fremu ya mlango.

Binti wa kitambulisho akasimama mbele ya bafta, akauliza kasa mdogo alikuwa anajisikiaje. Mtoto mmoja akasema alisikia njaa. Mwingine akauliza juisi inatolewa saa ngapi. Watu wakacheka, binti naye akacheka, alikuwa na uso mzuri na subira nyingi. Kisha akauliza kama yupo mwenye mtu anayempenda ambaye yuko mbali. Mpwa wangu akanyoosha mkono, akainuka. Sikuwa nimeuona mkono ule ukinyooka tangu aanze kunyamaza.

"Mimi simchukii mama yake kasa," akasema.

"Vizuri sana, mpenzi. Kwa nini humchukii?"

"Kasa hana simu."

Darasa lililipuka kwa kicheko. Wanaume nyuma walipiga mapaja. Binti alijiziba mdomo, akasema hilo jibu hajawahi kulisikia popote. Mtoto alisimama palepale na gauni lake la vimetameta, akawangoja wamalize. Hakuwa anachekesha.

"Mama yangu anayo," akasema. "Nilimpigia. Baba alikuwa amelala nikachukua simu yake. Akapokea. Nikamwambia mama, ni mimi. Akasema wewe mtoto umekosea namba. Nikapiga tena. Akasema usinisumbue, mwambie mama yako akuchape."

Juu, mabati yalikuwa yanaalika kwa joto. Wanawake wale wote niliowataja wakaangalia mkeka, wakaangalia kucha, wakatengeneza mitandio ambayo haikuwa na kasoro. Kila mmoja alielewa palepale. Laini ya simu isipotumika hufungwa, namba ikauzwa kwa mtu mwingine. Mwanamke fulani, Mungu anajua wa wapi, aliitwa mama na mtoto asiyemjua, naye akajibu kama ambavyo mtu yeyote hujibu. Simlaumu huyo. Namlaumu kila aliyekuwa darasani mle mwenye akili timamu na mdomo.

"Ni mtandao," bibi akasema haraka. "Mitandao ya Maskati mibovu. Hakuijua sauti yako."

Mtoto akamgeukia. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kwa aibu, kama mtu anayemwonea haya mwenzake.

"Sauti yangu anaijua, bibi," akasema, akakaa chini.

Na binti yule, maskini, ambaye hakujua hili wala lile, akafanya alichofundishwa. Akasema jamani, mwenzetu ameonyesha ujasiri mkubwa wa kusema hisia zake, tumpigie makofi. Wakapiga. Majirani zangu, walioshiriki kumzika mama yake, wakampigia mtoto makofi, tena kwa nguvu, kwa kufurahia kupewa kitu cha kufanya. Kisha juisi ikaletwa, na biskuti, na watoto wakapangwa mbele ya bafta wapigwe picha.

Nilipita katikati ya watu nikamfuata binti, nikamwambia mama wa mtoto yule amekufa. Uso wake mzuri ukapauka.

"Kumbe? Mimi sikuambiwa, dada."

"Hata yeye hajaambiwa. Nakwenda kumwambia."

"Hapana, tafadhali. Kuna utaratibu wake. Lazima aandaliwe, familia ikubaliane, aje mtaalamu. Mtoto haambiwi tu hivihivi, ghafla."

"Ghafla?" nikamuuliza. "Ana miaka minane sasa. Mlikuwa mnataka tumwandae mpaka aolewe?"

Sikustahili kumfokea, lakini alikuwa karibu. Akasema ataandika ili waje tena, wakae na familia. Dereva wao alikuwa ameshaanza kukunja nyaya. Walitaka kuondoka kabla ya foleni ya magari ya kuingia Dar. Hawakurudi. Bafta waliiacha, ipo kwangu mpaka leo, na sijapata moyo wa kuikata.

Yaliyofuata kwa watu wazima nayasema hapa ili nimalizane nayo. Kulikuwa na kikao. Niliambiwa nimevunja heshima ya nyumba ya watu, nimefanya fitina, nimemwaga sumu kwenye masikio ya mtoto. Shemeji yangu alitazama tena vidole vyake vya miguu, kisha akamhamishia mtoto Mapinga kwa mke aliyemwoa, nami naruhusiwa kumwona sikukuu tu. Bibi huitikia shikamoo yangu kwa kichwa tu, bila sauti, na anajua ninavyojisikia. Majirani wananiletea nguo za kushona kama kawaida na kuniambia, wakiinama sikioni, kwamba nilifanya vizuri. Kwenye kikao walikuwepo haohao, na hawakusema.

Siku ile nilimkuta mtoto foleni ya juisi. Nikamshika mkono, nikampeleka nyuma ya madarasa penye bomba. Nikamnawisha uso, kwa sababu nilihitaji mikono yangu iwe na kazi. Nilikuwa nimeandaa maneno kwa miaka miwili na yote yalikuwa yamekimbia. Nikachuchumaa.

"Mwanangu, mama yako hayuko Maskati," nikamwambia. "Mama yako alikufa. Alikufa hospitali, alipokuwa anajifungua mdogo wako. Siku tuliyomzika ndiyo siku uliyopelekwa Fukayosi."

Hakushtuka. Alikunja uso kama anayefanya hesabu ngumu.

"Siku ya mahindi?"

"Siku ya mahindi."

"Kwa hiyo hajapanda ndege?"

"Hajapanda."

"Na gauni?"

"Bibi yako alinunua."

Maji yalikuwa yanamtiririka kidevuni, yakidondokea vimetameta. Nilimngoja alie. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, nimetandika mapaja yangu kwa ajili yake, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza. Akanishika shavu anigeuze nimtazame vizuri.

"Mama mdogo, kwenye simu, yule aliyepokea."

"Si yeye. Ni mtu mwingine tu, alinunua ile namba. Mama yako angekuwa hai angekuja kwa miguu."

"Si yeye," akarudia.

"Wallahi si yeye."

Akavuta pumzi ndefu mpaka mabega yakapanda, akaitoa. "Alhamdulillahi," akasema. Aliisema kama tunavyoisema sisi wakubwa maji yakirudi bombani, kwa mkono kifuani. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nisikumbuke lini, akacheka, na nikaona kwamba yale meno mawili ya mbele yalikuwa yameshaota zamani, makubwa, yameachana kama ya dada yangu.

Bibi yake alikuwa anazunguka kona ya madarasa akimtafuta, juisi mkononi, mtandio umemteleza. Mtoto akamwona. Akaniponyoka, akamkimbilia huku anapiga kelele kwa furaha, na darasa zima, lililokuwa limeshatoka nje, likamsikia.

"Bibi! Bibi! Mama hakunikataa! Amekufa tu!"